Stuli Niliyomnyima Njeri

Majengo, Pumwani
Alhamisi, baada ya Alasiri

Salma mwanangu,

Umeenda Umoja kusukwa nywele, na yule msusi wako namjua, mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Nimekadiria nina saa tatu kabla hujarudi. Baba yako ametoka kutafuta kamba ya kufungia godoro, ingawa nimemwambia mara mbili kwamba hata huko Naivasha magodoro yanauzwa. Kwa hiyo nyumba ni yangu, meza ni yangu, na hii kalamu nimeitoa kwenye mkoba wako bila ruhusa.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kuswali kwa wakati. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa na meno mawili, na kama hayakuingia basi leo hayataingia. Nina jambo moja tu nataka ulijue kabla hujaanza kazi, nalo linanihusu mimi. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako, utaikuta kesho ukifungua begi. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu Jumapili nikashindwa. Kila nikianza unanikumbatia, "Mathe, usinililie bwana," nami nakuacha udhani ni machozi ya kuagana. Si ya kuagana, Salma. Ama tuseme si yote.

Kwanza niache nijigambe kidogo, maana nikianza na aibu sitamaliza. Mtoto wa Majengo, afisa wa wafanyakazi kwenye shamba la maua! Wewe ndiye utakayekaa upande ule wa meza ambako watu huuliza maswali. Nyanya yako alitoka hapa hapa kwa miguu kila asubuhi kwenda mjini kufua nguo za watu, na mlango wa mbele wa nyumba zile hakuwahi kuupita. Mimi nikasimama miaka ishirini na mbili Industrial Area nikipaki majani ya chai. Na wewe leo una kiti cha ofisi chenye magurudumu! Majirani wamechoka nami. Juzi mwenye duka aliniona kwa mbali, akasema kabla sijafungua mdomo, "Najua, Mama Salma, najua. Jumatatu anaanza." Nikamwambia kama anajua basi asikilize tena.

Sasa turudi Jumapili. Ulisimama pale uani, pilau bado liko motoni, ukasema mbele ya watu wote kwamba haki ulijifunza kwangu. Ulisema, "Mama yangu alikuwa msimamizi, na hakubagua mtu. Sheria ilikuwa moja, kila mtu akatendewa sawasawa. Na mimi nitafanya hivyo hivyo." Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Baadaye jikoni ukanionyesha kwenye simu kwamba maneno yale yale umeyaandika uyaseme Jumatatu, utakapojulishwa kwa wafanyakazi. Nikasema, "Mazuri, mwanangu." Hapo ndipo nilipokudanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, na tangu hapo sijalala vizuri.

Ni kweli sheria ilikuwa moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Ngoja nikusimulie.

Siku zile, kabla hujazaliwa, kazi pale kiwandani haikutangazwa. Nafasi ikitokea, meneja wetu Bwana Mutiso alimwita msimamizi wa laini akamwambia, "Lete mtu wako." Nami wallahi watu nilikuwa nao! Nilileta mke wa jirani, nikaleta dada yake, nikaleta mwanamke aliyekuwa akiuza mahamri hapa kona. Ndani ya miaka michache laini yangu ilikuwa na wanawake kumi na wawili, na wote tungeweza kuitana kwa dirisha. Watu wakaiita Laini ya Majengo. Nilijiona mkombozi. Nikipita mtaani jioni watu walinisimamisha kunishukuru, na mimi nilipenda kushukuriwa, usidhani sikupenda.

Hata leo siwezi kukwambia kwamba yote yalikuwa mabaya. Watoto walikula kwa kazi ile, na wengine umesoma nao. Lakini kila asubuhi nilipoingia getini nilipita katikati ya watu waliosimama tangu alfajiri wakitafuta kibarua, wenye mikono mizuri kama yetu, na sikuwahi kujiuliza wao mtu wao ni nani. Niliwaamkia tu. Nilikuwa na adabu sana, mama yako.

Kisha ofisi kubwa ikatoa amri kwamba laini zichanganywe, zisiwe za mtaa mmoja wala kabila moja. Bwana Mutiso akatuletea Njeri. Alikuwa msichana wa mtaa wa Tena, wa miaka yako hivi, mpole, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia tangu utotoni. Alitembea akiuvuta kidogo. Mutiso akamsimamisha mwisho wa laini yangu, akasema, "Haya, mmechanganyika sasa," akageuka akaenda zake. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Mikono ya Njeri ilikuwa hatari. Pakiti yake ilikuwa imenyooka pembe zote nne, na haikumwaga hata chembe. Mimi mwenyewe, niliyejiona bingwa, niliziangalia nikarudi kunyoosha zangu.

Sasa sikiliza habari ya chai. Saa nne tulipumzika, na kila laini ilikuwa na sufuria yake. Majani tulipewa na kiwanda, yaliyobaki tulijiletea kwa zamu. Leo huyu ana sukari, kesho yule ana maziwa, na Ijumaa kulikuwa na tangawizi. Ilikuwa desturi yetu, haikuandikwa popote. Njeri hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani wanawake wamemwambia, nao wanawake walidhani nimemwambia mimi. Saa nne ikifika sisi tunaenda kwenye sufuria, yeye anaenda kwenye bomba la maji pale ukutani na kiazi kitamu chake kwenye karatasi. Wiki ya kwanza tulimtazama. Wiki ya pili tukaanza kusema. "Huyu anajisikia." "Labda kwao chai ya Waislamu hainyweki." Tukacheka, Salma. Nilicheka na mimi. Tulikuwa tukipaki chai kutwa nzima, na mwenzetu anakunywa maji ya bomba!

Leo nikiona mtu kajitenga kazini, siulizi tena ana tabia gani. Nauliza nani alimwonyesha sufuria iko wapi. Ilinichukua muda mrefu mno kufika hapo.

Ramadhani ikaingia. Kiwanda kilikuwa na shifti mbili. Ya asubuhi ilimalizika saa nane mchana, ya pili saa nne usiku, na laini zilipokezana kila wiki. Lakini Bwana Mutiso, Mkristo wa watu, miaka yote alituweka sisi tuliofunga shifti ya asubuhi mwezi mzima ili tuwahi kufuturu nyumbani. Hatukumwomba. Aliona tu kwamba ni vizuri. Na sisi tulizoea, tukaona ni mambo ya kawaida, jua linachomoza na Waislamu wanaingia asubuhi.

Orodha ya shifti niliiandika mimi. Niliandika majina kumi na mawili upande wa asubuhi, pamoja na langu. Halafu nikaandika Njeri upande wa pili, peke yake, akajazie laini nyingine, kwa sababu yeye hafungi. Mwezi mzima msichana yule alisimama saa nane nzima kwa mguu mmoja na nusu, akatoka usiku kwenda Tena, ili mimi niwe jikoni kwangu nikikoroga uji wa futari. Sikuona tatizo lolote. Sikumwambia hata ahsante.

Wiki ya pili baada ya Idi, tumerudi shifti moja, akanifuata. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kiatu hakifungi. Akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "Mama, naomba kama inaweza patikana stuli. Nitakalia saa mbili za mwisho tu. Pakiti hazitapungua."

Na mimi, Zuhura binti wa mfua nguo, nikajivuta, nikamwambia kwa sauti wote wasikie, "Hapa sheria ni moja. Watu wote wanasimama. Nikikupa wewe stuli leo, kesho kumi na wawili watataka stuli. Sibagui mtu mimi."

Akasema, "Sawa." Akarudi mahali pake. Najua ulivyo, unasoma hapa unatafuta kisingizio cha kunipa. Usitafute. Stuli zilikuwepo, zimerundikwa stoo, na hazikuwa zikitumiwa na yeyote.

Miezi yake mitatu ya kibarua ikaisha. Ofisi ikaleta fomu ya kuuliza nani aandikwe kazi ya kudumu. Saa za mwisho za shifti Njeri alikuwa akipungua mwendo, hilo lilikuwa kweli, na nilijua ni kwa nini. Na kulikuwa na mtoto wa jirani hapa ambaye mama yake alikuwa akinibembeleza tangu mwaka uliotangulia. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Nikaandika, "Mvivu. Haelewani na wenzake."

Nimeyaandika tena hapa ili uyaone kwa mwandiko wangu. Haelewani na wenzake, mtu ambaye hatukumwita hata kwenye chai! Na mvivu ndiye aliyebeba Ramadhani yangu. Njeri akaondoka. Nafasi akaipata mtoto wa jirani, na jioni ile nikaletewa sahani ya biriani.

Usidhani nilitubu siku hiyo. Nililala fofofo.

Mwaka uliofuata nikapata mimba yako. Ulikuwa mzito tangu mwanzo, mwanangu, kichwa kama cha baba yako. Mwezi wa saba miguu ikanivimba. Bwana Mutiso akapita, akanitazama, akamtuma mlinzi stoo. Stuli ikaja. Nikasita kuikalia, maana nilikuwa nimesema mbele yao wote kwamba sheria ni moja. Nikangoja wanawake waanze kudai zao. Hakuna aliyedai! Mmoja akasema tu, "Kalia bwana, usije ukatuzalia juu ya majani." Wakacheka, wakaendelea na kazi. Mtu mzima hahitaji kuelezwa kwa nini mwenye mimba amekalia stuli na yeye hana. Anaona. Wangemwona Njeri vile vile, kama mimi ningewaachia nafasi ya kuona.

Bado sikuumia vizuri. Iliniuma Ramadhani ilipokaribia. Nikachukua karatasi niandike orodha ya shifti, nikaandika majina yetu upande wa asubuhi kama kawaida, nikafika mwisho, mkono ukasimama. Nikaona kumbe miaka yote ile nami nilikuwa na stuli yangu. Haikuwa imerundikwa stoo, wala haikuwa na miguu, lakini nilikuwa nimeikalia, na aliyenishikilia isianguke ni yule yule niliyemnyima. Nililia pale ofisini mpaka Mutiso akadhani uchungu umeanza, akaita gari. Ndiyo ile habari ya baba yako kwamba ulitaka kuzaliwa mapema. Hukutaka. Alikuwa Njeri.

Baada ya kukuzaa nilirudi kazini na nilibadilisha mambo, na kwa hayo siogopi kujisifu. Mgeni yeyote kwenye laini yangu, siku ya kwanza saa nne, nilimshika mkono mwenyewe hadi kwenye sufuria. Nilimsumbua Mutiso miaka miwili hadi nafasi za kazi zikabandikwa getini kwa Kiswahili, na waliosimama nje wakaanza kuingia bila kuletwa na mtu. Majengo walinikasirikia. Kuna nyumba hapa sikuitwa harusini. Stuli nazo zikatoka stoo, zikapewa waliozihitaji, na wasiozihitaji hawakuzigusa. Wanawake walionifahamu miaka ile ya mwisho wakikwambia mama yako alikuwa mwadilifu, hawakudanganyi. Ila hawakumjua Njeri.

Na Njeri mwenyewe sikumtafuta. Nilijua yuko Tena, nilisikia anashona sare za shule. Kutoka hapa hadi Tena si safari ya kutafutia nauli. Miaka ishirini na nne, Salma! Nilifanya mazuri kwa wengine wote ili nisiende kwa yule mmoja.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuwa nikikuangalia ajabu tangu mwaka jana. Ulikuwa kwenye mafunzo ya kazi kule mjini, ukarudi jioni ukavua viatu, ukasema kwa mzaha tu kwamba umewakasirisha wakubwa. Kijana wa kiti cha magurudumu alikuja kwa usaili, lifti imeharibika, chumba kiko ghorofa ya tatu. Mkubwa wako akasema aje siku nyingine. Wewe ukashuka ukaomba chumba cha mapokezi, ukateremsha faili, ukateremsha viti, ukawateremsha na hao wakubwa wenyewe mmoja mmoja mpaka wakakaa chini mbele ya yule kijana. Nikakuuliza, "Alipata kazi?" Ukasema, "Hakupata, Mathe, wengine walimshinda. Lakini aliulizwa maswali kama wao." Halafu ukauliza kama maharagwe yamebaki.

Nilikwenda chooni nikakaa. Nilikuwa na fahari ya kupasua kifua, na nilikuwa na wivu, wallahi, mama anaweza kumwonea mwanawe wivu. Wewe hukumtendea kijana yule sawasawa na wengine. Wengine walipanda ngazi, na kwa ajili yake ukashusha ofisi nzima. Kisha kwenye maswali hukumpendelea hata kidogo. Yote mawili uliyafanya siku moja, bila mtu kukufundisha, na huyo mtu ambaye hakukufundisha ni mimi. Ndiyo maana nilipokusikia Jumapili ukisema utafanya kama mama yako, nilitaka kupiga kelele. Usifanye kama mimi! Fanya kama wewe.

Basi Jumanne nilikwambia naenda Gikomba kukutafutia shuka. Nilienda Tena.

Duka lake ni la mabati ya kijani, cherehani nne, sare zimetundikwa hadi darini. Alikuwa amekaa, ameinamia kola ya shati. Amenenepa kidogo, nywele zina mvi. Nikasema, "Hodi, salaam." Hakuinua kichwa. Akasema, "Supavaiza." Alinijua kwa sauti, baada ya miaka yote ile, na nilijua ni kwa nini anaikumbuka.

Nikakaa bila kuambiwa. Nikaanza kusema habari ya stuli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Stuli si kitu," akasema. "Hiyo nilijua nitanyimwa, nilikuwa najaribu bahati. Ile maneno uliandika ndio ilinimaliza. Walinipa barua ya kwenda nayo, wakaandika vile ulisema. Nilipeleka viwanda viwili. Wa kwanza akasoma akacheka. Na baba yangu hajui kusoma, aliambia kijana wa jirani amsomee. Akasikia mtoto wake ni mvivu. Alikufa akijua hivyo."

Nilimwambia, "Njeri, nisamehe."

Akaita msichana wake alete chai. Ikaja kikombe kimoja, akanisogezea. "Kunywa tu," akasema, "hapa hakuna zamu ya sukari." Kumbe alijua. Wakati wote ule alijua habari ya sufuria, alikuwa akingoja aitwe. Nilikunywa chai ile, na nakwambia sijawahi kunywa kitu kigumu namna hiyo.

Kisha akaniuliza nimekumbushwa na nini leo. Nikamweleza habari zako, kazi ya Naivasha, na uliyosema Jumapili. Nilipokuwa nikikutaja nilisahau kabisa niko wapi, nikaanza kujigamba, mpaka habari ya lifti nikamwambia. Akatabasamu kidogo. Halafu akauliza, "Na huyo binti yako anajua hii maneno yetu?"

Nikasema, "Hajui."

"Basi unaniomba msamaha kwa siri," akasema. "Mimi sikuitwa mvivu kwa siri. Enda umwambie kwanza. Ukirudi tutaongea."

Akarudi kwenye kola yake. Nikatoka. Shuka nilinunua njiani, ndiyo maana ni mbaya vile.

Kwa hiyo nimekwambia. Njeri hakuwa mvivu. Alielewana na watu wote waliomwita. Makosa yalikuwa yangu, si ya kiwanda, si ya Mutiso, si ya zamani zile.

Jumatatu utasimama mbele ya wanawake ambao wengi wao husimama kutwa wakichambua maua, nao watakutazama wajue wewe ni mtu wa namna gani. Sikuambii useme nini, kusema unajua kunishinda. Nakuomba tu uyatoe yale maneno yanayonihusu, kwa maana ukiyatumia kuongoza watu utawaumiza huku unajiona mwema, na hakuna anayeumiza watu vibaya kama mtu wa namna hiyo. Mimi ni shahidi. Ukitaka kunitaja hata hivyo, nitaje pamoja na Njeri. Jumanne nikiwa mlangoni nilimwomba ruhusa ya kulitaja jina lake. Alisema, "Sitajificha, mimi sikukosea."

Na siku utakapokosea, maana utakosea, kiti kile kinalevya, usingoje miaka ishirini na nne. Nenda kesho yake asubuhi, hata kama hujui utasema nini. Ni hilo tu nililo nalo la kukupa ambalo nimelilipia mwenyewe.

Nasikia watoto wanakimbia nje, nadhani baba yako anakuja na kamba zake. Nimalize. Nakujivunia, Salma. Nakujivunia tangu siku ile ya maharagwe kwa namna ambayo sikuwahi kukujivunia kwa vyeti vyako vyote. Umenipita, na nimeona ukinipita nikiwa hai, wangapi hupata bahati hiyo?

Ukimaliza kusoma utanipigia, nakujua. Utataka kuniambia, "Mathe, ilikuwa zamani, si kitu." Tafadhali usiniambie hivyo. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka siku mbili za kunyamaza, chukua, nitangoja. Ila uniambie kwamba umeisoma yote. Jumamosi naenda tena kwa Njeri. Ataniuliza swali lile lile, na safari hii nataka kumjibu kwamba mwanangu ananijua.

Mimi mamako,
Zuhura